Kukata picha ya kivuli kwa mkasi: mwongozo wa nyumbani

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani bila umeme. Mimi ni fundi cherahani, na cherahani yangu ni ya miguu, kwa hiyo kazi ya mchana haikusimama. Usiku ndio uliokuwa mrefu. Tukikaa ukumbini na kandili moja chini, vivuli vyetu vikipanda ukutani. Usiku mmoja nikakiona kivuli cha bibi kimetulia kwenye chokaa: paji la uso, pua, mdomo ulioingia ndani kwa sababu meno ya mbele yalishakwisha, kidevu kilichotokeza. Alikuwa yeye hasa. Na bibi maisha yake yote hakupenda kupigwa picha. Nikabandika karatasi ukutani, nikaufuata ukingo wa kivuli kwa penseli, na asubuhi nikakata kwa mkasi wangu mdogo wa kutarizia.

"Macho hujaweka?" aliniuliza nilipompelekea.

"Sijaweka, bibi."

"Basi hii nitaiweka."

Leo hayupo, na hiyo ndiyo sura yake pekee tuliyobaki nayo. Tangu siku ile nimekata watu wengi: wazee, maharusi, watoto wa skuli, majirani wa barazani. Ninayoyaandika hapa ni jinsi ninavyofanya, ili nawe uweze kumkata mtu wako kwa vitu vinavyopatikana sokoni Darajani au hata ndani ya kabati lako.

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Ulaya, kabla ya kamera, picha ya namna hii ndiyo iliyokuwa taswira ya mtu asiyeweza kumlipa mchoraji. Huko picha hii huitwa silueti, na jina hilo limetoka kwa Étienne de Silhouette, waziri wa fedha wa Ufaransa aliyedumu miezi michache tu mwaka 1759. Alibana matumizi mpaka watu wakawa wanaita kwa jina lake kila kitu cha bei rahisi. Kamera ilipotangazwa mwaka 1839 wakataji wengi walikosa wateja, lakini mkasi haukufa.

Mkasi na karatasi

Usikate karatasi kwa mkasi wa kitambaa. Kila fundi cherahani amewahi kugombana na watoto wa nyumba kwa jambo hili, na sababu yake ni ya kweli: ndani ya karatasi mna unga wa madini unaobutusha makali. Nunua mkasi mwingine na uwe wa karatasi tu. Unaofaa ni mdogo, wenye makali mafupi ya sentimita 3 au 4 na ncha nyembamba, kama ule wa kutarizia. Ujaribu hapohapo dukani: kata kwa ncha kipande chembamba kama uzi. Ukitafuna badala ya kukata, urudishe. Skrubu yake isilegee. Ukiinua mkono mmoja wa mkasi na kuuachia, ushuke taratibu, usianguke.

Karatasi iwe nyeusi, nyembamba na laini, uzito wa gramu 80 hadi 120. Manila ni nene mno kwa mdomo na kope. Utaona kingo zinachanika kinyuzinyuzi. Karatasi nyeusi za kazi za mikono za skuli zinakatika vizuri lakini hupauka zikawa kahawia zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo zitumie kwa mazoezi. Nzuri kuliko zote ni ile iliyo nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kwani unachora upande mweupe na kuukata mchoro wako. Ukiikosa, chukua karatasi ya kawaida, ipake wino mweusi, iache ikauke, kisha ilaze chini ya ubao mzito usiku kucha, maana itajikunja.

Kumbuka jambo moja linalowachanganya wengi: ukichora mgongoni mwa karatasi, sura iliyotazama kushoto itatoka imetazama kulia. Hakuna ubaya, ila kama unawakata mume na mke watazamane kwenye fremu moja, lipange mapema.

Kukichukua kivuli ukutani

Hii ndiyo njia ya kuanzia, hata kama una simu ya maelfu. Inakufundisha kuona.

Mkalishe mtu kwenye kiti chenye mgongo, ubavu wake ukielekea ukuta, shavu likiwa kama shubiri moja kutoka kwenye karatasi. Taa iwe upande wa pili wake, kimo cha sikio, umbali wa mita 3 kutoka ukutani. Umbali huu ndio siri. Taa ikiwa mita 3, kivuli kinakuwa kikubwa kidogo tu kuliko kichwa chenyewe. Ukiisogeza ikawa mita 1, kivuli kinavimba karibu mara moja na nusu na ukingo wake unaingia ukungu. Taa ikiwa juu sana, kidevu kinateremka na kuzama shingoni.

Chanzo cha mwanga nacho kiwe kidogo. Mwali wa kandili ni mpana, ndiyo maana kivuli chake kina ukingo wa moshimoshi. Kurunzi ya simu ni kitone kimoja, kivuli chake kinakata vizuri zaidi. Zima taa nyingine zote. Ukikuta ukingo bado una ukungu, pitisha penseli katikati ya ukungu huo, wala si nje yake.

Mwambie afunge mdomo bila kuubana, atazame mbele, aegemeze kichwa. Anza na uso na uumalize kwa pumzi mbili tatu, kwa sababu hapo ndipo atakapochoka kwanza. Nywele, shingo na mabega vinaweza kusubiri. Usimwambie atabasamu: mdomo ukitanuka, mstari wa ubavuni unalainika na sura inapotea.

Mchoro utakaopata ni wa ukubwa wa kichwa cha mtu, sentimita 24 hivi kutoka kidevuni hadi utosini. Kuupunguza, upige miraba ya sentimita 3, kisha kwenye mgongo mweupe wa karatasi nyeusi piga miraba ya sentimita 1, na uhamishe mraba kwa mraba. Utapata kichwa cha sentimita 8, kinachokaa vizuri kwenye fremu ya mkononi.

Au kwa simu

Watoto hawatulii, kwa hiyo mtoto mpige picha. Simama mita 2 au zaidi na uvute kwa lenzi. Ukimsogelea, pua inakua na sikio linarudi nyuma. Simu iwe kimo cha macho yake, na nyuma yake kuwe na mwanga mtupu: dirisha lililo wazi, au bahari ya Forodhani jua linapozama, pale kila mtu anapogeuka kivuli bila kutaka. Hakikisha ni ubavu kamili. Ukiona hata nywele moja ya kope ya jicho la pili, mgeuze kidogo.

Ichapishe kwenye duka la fotokopi, kichwa kiwe sentimita 8. Ibane juu ya karatasi nyeusi kwa pini za stepla, nje ya sura, ukate zote mbili pamoja. Ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Kukata

Kwanza punguza karatasi ibaki ukubwa wa kiganja, kwani ikiwa kubwa itakuzuia kugeuza. Kaa mwanga ukikujia kutoka upande wa mkono usiokata. Kiwiko kibane ubavuni.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kwenye cherahani sindano haitembei; kitambaa ndicho kinachotembea. Na hapa ni hivyohivyo. Mkono wa mkasi unakaa mahali pamoja, unafungua na kufunga. Mkono wa pili ndio unaoileta karatasi, unaigeuza, unaivuta, unairudisha. Wanaoanza wanaukimbiza mkasi kuzunguka pua, na pua inatoka na kona kona kama jiwe. Iache karatasi izunguke, pua itakuja yenyewe.

Kata kwa kina cha makali, karibu na skrubu, si kwa ncha. Na usiufunge mkasi mpaka mwisho. Kila unapoufunga kabisa, ncha inaacha jino dogo kwenye ukingo, na meno hayo yanaonekana sana kwenye paji la uso, panapotakiwa mstari mmoja laini. Funga robo tatu, sukuma karatasi mbele, funga tena.

Mimi huanza kifuani, napanda na koo, kidevu, mdomo, pua, mwanzi wa pua, kikomo cha uso (mfupa wa juu ya macho), paji, napita utosini na kushuka na kisogo. Kwa mwanamume, usisahau kikoromeo. Kwenye pembe kali, kama chini ya pua panapokutana na mdomo wa juu, usijaribu kuuzungusha mkasi ndani ya pembe. Ingia kutoka upande mmoja mpaka kwenye pembe, toa mkasi, ingia kutoka upande wa pili, kipande kidondoke.

Mdomo ndio mtihani. Kwenye kichwa cha sentimita 8, kutoka chini ya pua hadi mwanzo wa kidevu ni kama sentimita moja na nusu tu, na ndani ya nafasi hiyo kuna bonde la juu ya mdomo, mdomo wa juu, mpasuo, mdomo wa chini, na bonde la juu ya kidevu. Vitu vitano. Mpasuo wa midomo ni mkato mdogo kabisa, kama umeugusa tu. Ukiuzamisha, mtu anaonekana anapiga kelele. Angalia upi kati ya midomo miwili umetangulia mbele. Kwa wengine ni wa juu, kwa wengine ni wa chini, na kwa bibi yangu yote miwili ilikuwa nyuma ya kidevu. Tofauti ni nusu milimita, lakini ndiyo inayomfanya ndugu yake aseme jina kabla hujamwambia.

Kwa sababu hiyo, kwenye pua na mdomo bakiza upana wa uzi nje ya mstari wako. Ukimaliza kuzunguka, rudi, nyoa kidogo kidogo. Pua iliyokatwa hairudi. Ukiiharibu, chukua karatasi nyingine uanze upya, usijaribu kuiokoa kwa kuurudisha uso mzima nyuma.

Kope? Mkato mmoja mwembamba, kama unautaka. Nyusi haionekani ubavuni ila kwa wazee wenye nyusi nene.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kisogo. Wengi wanahangaika na uso, wakifika nyuma wanakata haraka na kichwa kinabaki nusu. Pima: kutoka kikomo cha uso hadi kisogoni ni kufupi kidogo tu kuliko kutoka kidevuni hadi utosini. Ukiona kisogo cha picha yako kiko karibu sana na usawa wa sikio, umekata kupita kiasi. Shingo nayo hailali wima. Inaelekea mbele, na kwa wazee zaidi. Mara nyingi mzee anatambulika kwa shingo kabla ya pua.

Kifua kimalizie kwa mkunjo mmoja usio na haraka. Wakataji wa zamani kila mmoja alikuwa na mkunjo wake, na wakusanyaji hutambua kazi ya mtu kwa mkunjo huo. Wangu unafanana na tanga lililoshika upepo. Utafute wako.

Kisha iweke juu ya karatasi nyeupe, rudi nyuma hatua mbili, punguza macho. Mwite mtu anayemjua mhusika, usimwambie ni nani. Akisita, tazama mdomo kwanza.

Na usimpambe mtu. Bwana harusi mmoja aliniomba nimpunguzie pua, nami nikampunguzia kwa kuwa ni siku yake. Mama yake akaishika picha, akaigeuza huku na huku, akaniuliza ni ya nani. Usiku ule nilikata nyingine, pua ikiwa kama alivyoumbwa, na ndiyo waliyoitundika.

Kofia, kilemba na mtandio

Hapa ndipo kazi yetu ya visiwani inapokuwa na utamu wake. Kofia ya mkono inafinyangwa na kichwa cha mwenyewe. Mmoja anaivaa imekaa wima, mwingine ameibonyeza katikati ikafanya bonde, mwingine ameisogeza nyuma paji lote likatoka. Usiinyooshe. Pindo la kofia halilali sawa na ngozi. Lina kidaraja kidogo pale linapogusa paji, na kidaraja hicho usipokikata, kofia inakuwa kama nywele.

Viua, yale matundu madogo yaliyoshonwa kwenye kofia, navyo unaweza kuvitia. Laza picha juu ya kitambaa kilichokunjwa, upande mweupe juu, na kwa sindano nyembamba toboa vitundu vichache kwa safu, ukifuata safu halisi za kofia yake. Ukiibandika kwenye karatasi nyeupe, viua vinang'aa kimoja kimoja. Usivijaze. Safu mbili zinatosha, nyingine jicho litazimalizia.

Kilemba kinaonyesha mikunjo yake ukingoni tu, kwa hiyo kila mkunjo uwe na kibonde chake. Tarbushi la wapiga taarab ni rahisi: linapungua upana kuelekea juu, na kishada kinaning'inia nyuma, kikate kwa nyuzi tatu nne, si kumi.

Kwa mwanamke aliyevaa mtandio, nywele na shingo hazipo, na picha inakuwa uso tu ukitoka ndani ya mstari mrefu wa kitambaa unaoshuka kutoka utosini hadi begani. Huu ni mstari mzuri sana kukata, mkato mmoja bila kusimama. Kidaraja cha paji kipo hapa pia. Muulize mwenyewe avae vipi. Anayefunika uso, sura yake usiikate hata ukiijua. Na wapo wasiotaka taswira yoyote ya kiumbe nyumbani mwao, hata isiyo na macho. Usibishane nao, mkatie jahazi au mlango wa nakshi, mkasi ni uleule.

Kukata ganda

Kuna njia nyingine, ya kukata sura katikati ya karatasi nyeupe, ukaitoa, na kubaki na ganda lenye tundu la umbo la mtu. Nyuma yake unaweka kitu cheusi. Aliyeifanya kwa wingi wa kustaajabisha ni Moses Williams, mtu aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya mchoraji Charles Willson Peale, Marekani. Alipopata uhuru wake, mwanzoni mwa miaka ya 1800, akawa mkataji katika makumbusho ya Peale mjini Philadelphia. Mtu alikaa kwenye mashine iliyofuata ubavu wa uso na kuuchora, karatasi ikiwa imekunjwa mara mbili, na Williams akakata nakala nne kwa mkato mmoja. Alikata maelfu kwa maelfu. Jina lake halikuandikwa kwenye picha hizo; zilipigwa mhuri wa makumbusho. Sisi wa visiwa hivi, tunaoishi hatua chache kutoka palipokuwa soko la watumwa Mkunazini, jina hilo tuna haki ya kulijua.

Kwa ganda, toboa katikati ya sura kwa ncha, kata kuelekea kwenye mstari, kisha uufuate ukingo kutokea ndani. Mimi nyuma yake huweka kipande cha kitambaa cha buibui. Weusi wa kitambaa una kina ambacho karatasi haina.

Kubandika na kutundika

Gundi ya maji hulowanisha karatasi nyembamba ikakunjamana, na uji wa ngano ni karamu ya mende. Tumia gundi ya kijiti, kidogo, katikati ya kichwa na kifuani. Pua, mdomo na kope viache bila gundi. Bonyeza kwa karatasi safi juu yake, usisugue kwa kidole, jasho linaacha alama kwenye weusi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Wakati wa masika karatasi hunywa maji ya hewani ikavimba, na ikigusa kioo hushikana nacho na kuota koga. Weka vipande vyembamba vya manila pembezoni mwa fremu ili kioo kisiguse picha. Usiitundike kwenye ukuta wa mawe wa nje katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta zile hutoa jasho na chumvi; chagua ukuta wa ndani, mbali na jua la dirishani.

Nakala

Kunja karatasi mara moja kabla ya kukata, upate nakala mbili, na ufanye hivyo kila mara. Hivyo ndivyo alivyofanya Auguste Edouart, Mfaransa aliyekata kwa jicho tu bila kuchora, Uingereza na kisha Marekani kuanzia 1839 hadi 1849. Moja alimpa mteja, ya pili aliibandika kwenye daftari lake na kuandika jina, mahali na tarehe. Mwaka 1849 akirudi Ulaya, meli yake ilivunjika karibu na kisiwa cha Guernsey, na sehemu kubwa ya madaftari yale yakazama. Tangu hapo inasemekana hakukata tena. Alikuwa amebeba nakala zake zote katika chombo kimoja.

Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli, si kwa kalamu, kwani wino hupenya mbele: jina la mtu, siku, mahali, na mwanga uliotumia. Zangu nimezigawa. Nusu ziko hapa Mjini, nusu ziko kwa dada yangu Wete, Pemba, ndani ya bati la biskuti, katikati ya karatasi laini, pamoja na karafuu kavu zilizofungwa kwenye kitambaa ili wadudu wasisogee. Ya juu kabisa katika bati lile ni ya bibi, niliyoikata upya kwa kufuata ile ya kwanza, na nyuma yake nimeandika: ukumbini, kwa kandili.